Mazoezi ya kurudisha kichwa ukiwa kwenye matibabu ya saratani, bila gym, kwa sisi wa huku Kigoma

Mteja wangu wa siku nyingi kaja kibandani Mwanga, kachukua mawese lita 2, wakati huo lita nlikua nauza elfu 4, kanipa noti ya elfu 10. Sa mi nimesimama na noti mkononi naiangalia, najua kabisa kuna chenji natakiwa kutoa ila ni shingapi ndo haiji, kichwa kitupu kama kibuyu. Mawese nimeuza miaka 19, chenji ya elfu 10 ilikua inatoka yenyewe kabla hata sijaifikiria. Yule mama akasubiri weee, mwisho akasema taratibu, "elfu 2 mdogo wangu." Nikampa, akaondoka, mi nikakaa juu ya dumu nikalia, nikajifuta na vidole vyenye mawese, uso mzima ukawa rangi ya chungwa.

Hiyo ilikua miezi minne baada ya kumaliza dripu za saratani ya titi, yaani kemo. Nywele zimeanza kuota, watu wananiambia umependeza, umenawiri, mi nacheka nao huku nimesahau majina yao.

Nilipouliza kwenye hospitali moja, sitaitaja, nikajibiwa mama umri huo ndo unaingia, kusahau ni kawaida. Nlikua na miaka 47. Mama mmoja jirani yeye akaja na ya kwake, eti nimetupiwa kitu. Basi kama na we umeambiwa hivo jua kwamba hujarogwa, hujazeeka ghafla na wala sio wazimu. Ni kitu kinachojulikana, kinawapata watu wengi wenye saratani, unasahau ulichoambiwa saivi hivi, unashindwa kufuata mazungumzo ya watu watatu kwa pamoja, neno unalijua lakini haliji mdomoni, kazi ya dakika 10 inakula saa nzima. Wodini tulikua tunaita ukungu. Na sio dripu peke yake inayoleta, wengine ukungu unaanza hata kabla ya dripu ya kwanza. Ugonjwa wenyewe unachangia, dripu zinachangia, mionzi ya kichwani, vidonge vya homoni kama tamoksifeni, damu kupungua, kukosa usingizi, mawazo, dawa kali za maumivu, vyote vinakutana kwenye kichwa kimoja. Kwa wengi unapungua miezi kadhaa baada ya matibabu, kwa wengine unakaa miaka.

Sasa mazoezi yanasaidiaje, na hapa niseme ukweli mana humu mitandaoni kuna watu wanauza miujiza. Mwaka 2018 Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kiliita wataalamu wa nchi mbalimbali wakapitia tafiti za mazoezi kwa watu wenye saratani, majibu yakatoka 2019. Wakasema kwa uchovu, wasiwasi, sonona na nguvu za mwili ushahidi ni mzito kabisa, mazoezi yanasaidia. Kwa upande wa akili na kumbukumbu wakasema dalili nzuri zipo ila ushahidi bado haujatosha kutoa dozi. Mi nikajiuliza hivi, kama usingizi ukirudi, uchovu ukapungua na mawazo yakapungua, hicho kichwa kitabaki vilevile? Hakibaki. Afu kuna utafiti wa 2011, sio wa wagonjwa wa saratani, ni wa wazee 120 wa Marekani, nusu wakawekwa kwenye kutembea siku tatu kwa wiki mpaka dakika 40, nusu kwenye kunyoosha viungo tu. Baada ya mwaka ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ikawa imeongezeka kama asilimia 2 kwa waliotembea, na kwa wale wengine ikapungua. Kwahiyo miguu na kichwa vinaongea, damu inapanda vizuri zaidi kwenye ubongo, mwili unatoa vitu vinavyolisha chembe za ubongo, na ule uvimbe wa ndani kwa ndani unaoletwa na ugonjwa na dawa, sio uvimbe wa saratani wenyewe, unatulia kidogo.

Dozi ya jumla waliyotoa wale wataalamu kwa mtu mwenye saratani ni hii: kutembea kwa nguvu ya kati dakika 30 mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya misuli mara mbili kwa wiki. Usiogope hizo dakika 30, mi nilianza na 5 na siku ya kwanza nilirudi nimeshika ukuta.

Ila kabla hujavaa raba ongea na daktari wako, na usimuulize tu "naruhusiwa mazoezi?" mana atakwambia ndio mama, pumzika, kunywa maji, next. Uliza vitu vyenyewe. Hb yangu, yaani kiwango cha damu, ni ngapi leo? Ikiwa chini ya 8 subiri mpaka akupe go ahead. Pletileti zangu, zile chembe za kugandisha damu, je? Zikishuka chini ya elfu 50 mambo ya kuvuta na kunyanyua yaache kwanza, hata kujigonga tu kunaweza kukuvujisha damu. Saratani imeingia kwenye mifupa? Kama imeingia hakuna kuruka, hakuna kujipinda kiuno, hakuna kubeba mzigo mpaka akwambie ni mfupa gani na uuepuke vipi. Kama ulipewa ile dripu nyekundu, doksorubisini, muulize kuhusu moyo, mana inaweza kuugusa, uliza kama umepimwa eko, ile picha ya moyo. Na kama ulipewa dripu ya paklitakseli ukabaki na ganzi kwenye nyayo basi sahau kabisa kutembea kwenye mchanga wa Kibirizi au kwenye makorongo, utaanguka bila kujua mguu umekanyaga wapi. Tembea pa sawa, viatu vya kufunika, kandambili hapana, na ukirudi kagua nyayo kwa macho mana malengelenge hutayasikia.

Siku ukiwa na homa ya 38 na kuendelea hakuna zoezi, hiyo ni kwenda hospitali, tena sio kesho. Ukiwa na dripu mwilini kinga inashuka na homa inaweza kukumaliza kwa masaa. Kifua kubana, kizunguzungu, kutapika mfululizo, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma, zote hizo ni simama uende ukaonwe. Na kingine muhimu sana kwa mada hii: ukungu wa kawaida unakuja taratibu. Mtu akichanganyikiwa ghafla, hajui yuko wapi, au kichwa kinauma vibaya na kutapika asubuhi, au upande mmoja umelegea, au kaanguka degedege, huo sio ukungu, mkimbizeni. Sisi wa hapa hospitali ya Maweni ndo karibu.

Haya, tuanze kutembea.

Muda ni alfajiri saa 12 au jioni kuanzia saa 11. Mchana jua la huku linakuchosha bure, na kuna dripu zinafanya ngozi iungue haraka, kwahiyo kofia au mtandio. Chupa ya maji. Simu hata kiswaswadu inatosha, ina saa.

Wiki ya kwanza dakika 5 kwenda na 5 kurudi, mara moja kwa siku, siku tano za wiki. Basi. Hata kama unajisikia unaweza zaidi usiongeze, mana utaongeza leo afu kesho na keshokutwa uko kitandani, mi nimefanya hilo kosa mara tatu na ni mtu mzima. Wiki ya pili ongeza dakika 2 au 3, wiki ya tatu hivohivo, mpaka ifike dakika 30 kwa mkupuo. Mi ilinichukua wiki 9. Kuna dada tulitibiwa pamoja yeye yuko Tabora, kule kwao tambarare tena miembe imejaa kivuli, alifika kwa wiki 5 akawa ananitambia. Namwambia njoo upande huu mlima wa kutoka stesheni mpaka Mwanga ndo unitambie.

Na hilo la mlima lichukulie siriasi. Kigoma hii ukitoka Mwanga kushuka stesheni unajisikia umepona, mteremko unakubeba mwenyewe, ziwa lile mbele yako, raha. Afu unageuka. Kama uko wiki za mwanzo anza kwa kupanda urudi kwa kushuka, yaani sehemu ngumu uifanye ukiwa na nguvu, au tafuta pa tambarare kabisa, mi nlikua nachukua bajaji mpaka kwa mama mkwe Ujiji natembea mitaa ya kule.

Mwendo gani? Sio mwendo wa bibi harusi na sio wa kufukuza basi. Unatakiwa uweze kuongea sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Mi napima na kaswida, nikiona nimeimba beti nzima na pumzi ipo najua nazembea, nikiona hata kujibu salamu nashindwa najua nimezidisha. Na salamu za huku unazijua, ukitembea saa 12 asubuhi mtaani kila baraza wanataka habari za nyumbani, watoto, mgonjwa anaendeleaje, mgonjwa ndo mimi. Nikajifunza kusalimia huku natembea, nanyoosha mkono, "salama bi mkubwa, shikamoo, nawahi," napita. Mwanzoni walisema nina maringo, saivi kuna wamama wawili wamejiunga.

Usipoweza kabisa kutoka, mvua za kuanzia Novemba unazijua zinavyogeuza njia kuwa mfereji, zunguka ndani. Barazani kwangu kwenda na kurudi ni hatua 22, nazunguka na redio.

Sasa misuli. Watu wengi wanaruka hapa wanaona kutembea kunatosha, na mi nasema usiruke, nguvu za miguu na mikono ndo zinakufanya urudi kwenye kazi zako na kazi ndo inarudisha kichwa. Mara mbili kwa wiki, siku ambazo hazifuatani, tuseme Jumanne na Ijumaa. Kila zoezi mara 8 mpaka 15, pumzika dakika moja au mbili, rudia tena. Ukiweza 15 kirahisi mizunguko yote miwili ndo ongeza uzito.

La kwanza, kiti. Kaa kwenye kiti cha mbao kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, simama bila kushika, kaa taratibu, usijibwage. Kama huwezi bila kushika, shika, utaacha baadae. Hili moja likikushinda yote fanya hili tu.

La pili, ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko usogee, sukuma urudi.

La tatu nalipenda kuliko yote, tyubu ya baiskeli. Nenda kwa fundi baiskeli muombe tyubu mbovu, mi nilipewa bure, osha na sabuni, katisha uwe na mkanda mrefu kama mita moja na nusu. Zungushia kwenye nguzo ya baraza, shika ncha mbili, rudi nyuma mpaka ikaze kidogo, vuta viwiko vipite mbavu kama unakamua kitu, achia polepole. Polepole ndo kazi yenyewe, ukiachia pwaa umefanya nusu zoezi na tyubu itakuchapa. Ukitaka iwe ngumu zaidi rudi nyuma nusu hatua. Kagua kila siku kama haijachanika, ya kwangu ilikatika siku moja nikaenda chini na makalio, wajukuu wakacheka mpaka wakakohoa.

La nne madumu. Chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, unanyanyua mpaka begani unashusha. Baadae ya lita moja na nusu. Baadae dumu la lita 3, ambalo kwangu lipo tele. Na hapa nisikie wewe uliyekatwa titi ukatolewa na tezi za kwapani, najua umeambiwa mkono huo usibebe kitu maisha yako yote. Mwaka 2009 walitoa utafiti Marekani wa wanawake 141 ambao mkono ulishavimba, waliowekwa kwenye kunyanyua vyuma taratibu kwa usimamizi uvimbe haukuzidi kuliko wasionyanyua, tena kero za mkono zikapungua. Neno kubwa pale ni taratibu. Anza na chupa tupu ikibidi, ongeza kidogo sana, vua pete na bangili, na ukiona mkono mzito au pete haivuliki simama urudi kwa daktari.

Bado hatujafika kwenye kichwa chenyewe unasema. Tumefika.

Ukishafika dakika 20 za kutembea bila kuteseka, na kizunguzungu huna, na uko njia isiyo na bodaboda, mpe ubongo kazi wakati miguu inatembea. Mi natumia vituo vya treni. Kwenda nahesabu kutoka hapa: Kigoma, Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke, Tabora. Vile vidogo vya katikati nimeviacha makusudi. Kurudi navisema kinyume, Tabora mpaka Kigoma, na kinyume ndo dawa, mana mbele unaimba tu kama shairi ila kinyume lazima ufikirie. Wiki za kwanza Usinge ilikua inanikimbia kila siku, nafika Nguruka najua nimeruka kitu, sijui nini, nasimama katikati ya barabara kama mtu aliyeona jini. Usisimame. Endelea kutembea, ruka, utaikumbuka mbele au hutaikumbuka, yote sawa.

Wewe chagua ya kwako. Mvuvi ahesabu vijiji vya mwambao, mwalimu ataje wanafunzi wa darasa la mwaka fulani, fundi nguo ataje vipimo. Au toa 3 kutoka 100, 97, 94, 91, hivohivo kila hatua kumi. Mtu wa biashara kama mi jipe mteja wa uongo, kachukua lita 3 kwa elfu 4, katoa elfu 20, rudisha. Mwanzoni nilimrudishia yule mteja wa uongo hela nyingi nikafilisika njiani mara kibao, lakini hasara ya njiani hailipwi na mtu.

Kingine ni mazoezi yenye mpangilio, sio kunyanyua tu bali kukumbuka nini kinafuata. Mjukuu wangu alinifundisha hatua za ngoma yao ya shule, kulia mbili, kushoto mbili, piga kofi, geuka, rudi. Hatua hizo chache tu zimenichukua siku sita. Wachina wana yale mazoezi yao ya polepole ya tai chi, yamefanyiwa tafiti sana kwa wagonjwa wa saratani, siri ni hiyohiyo, mwili unasogea na kichwa kinafuatilia mfululizo. Huna mwalimu wa tai chi Kigoma, una watoto wa mtaa wanaocheza, waambie wakufundishe, watafurahi sana kumkosoa bibi.

Baada ya kurudi, umekaa, umekunywa maji, jasho linakauka, hapo kichwa kiko wazi kuliko muda wowote wa siku. Usikiharibu na TikTok. Fanya jambo moja la akili dakika 15 au 20. Hesabu za biashara za jana mi nazifanya muda huu, zamani nlikua nazifanya usiku nakosea mpaka nahisi nimeibiwa. Au bao. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, ukikaa na mzee wa Ujiji anayelijua anakulazimisha uhesabu mbele hatua tatu nne, na atakula kete zako bila huruma ya ugonjwa, ndo tunachotaka. Wamama tunaambiwa bao ni la wanaume, hiyo waachie wenyewe.

Sa kwenye dripu inakuaje? Kama uko kwenye mzunguko wa siku 21 kama wangu ulivyokua, usipange kila wiki ifanane, utajivunjia moyo. Chukua kalenda ya ukutani uweke rangi. Siku ya dripu na mbili tatu zinazofuata, kichefuchefu, mifupa, mdomo mchungu, hapo kazi yako ni kuamka kitandani mara kadhaa kwa siku na kuzunguka nyumba dakika 3, 5, na kiti mara chache ukiweza. Hilo ni zoezi kamili kwa siku hizo, liandike. Kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 14 nguvu zinaanza kurudi ila ndo muda kinga inakua chini, tembea lakini kaa mbali na sokoni kwenye msongamano na anaekohoa, na ziwani usiingie kuogelea ukiwa na kidonda au mpira wa dripu mwilini. Wiki ya tatu ndo wiki yako, ongeza dakika, vuta tyubu, hesabu vituo. Afu dripu inarudi unashuka tena. Ni kama kina cha ziwa, linapanda linashuka, angalia tu kama kila wiki ya tatu iko juu kidogo ya wiki ya tatu iliyopita. Ya kwangu moja haikua juu, ilikua chini kabisa, kumbe Hb imeshuka mpaka 7, nikaongezwa damu. Daftari ndo lililonishtua, mi mwenyewe nlijua ni uvivu.

Daftari lenyewe ni lile la kawaida tu la watoto. Kila siku mistari mitatu, nimetembea dakika ngapi, nimelala masaa mangapi, na mtihani wangu. Mtihani ni huu, asubuhi binti yangu anasoma vitu 10 vya sokoni mara moja, mgebuka, bamia, chumvi, kiberiti, hivohivo, jioni navitaja. Wiki ya kwanza nilitaja 4. Sio kipimo cha hospitali na usilie nacho, siku usiyolala kinashuka, siku ya dripu kinashuka, tazama mwezi na mwezi. Na hilo daftari nenda nalo kliniki, ukimwambia daktari nasahau anaweza kukupita, ukimuonyesha kurasa anakaa chini. Mi ndo akapima damu, akauliza usingizi, akaangalia dawa ninazomeza, akapunguza ile ya maumivu ya usiku.

Mgogoro mkubwa utaupata nyumbani. Mama mkwe wangu alinikuta nafagia uwanja, akaninyang'anya ufagio mkononi.

"Mwanangu, mgonjwa hafagii. Watu watasema mi mkwe wa namna gani."

"Mama, daktari kasema nifagie."

"Daktari kasema ufagie uwanja huu wa kwangu?"

"Kasema ufagio wowote mama."

Daktari alisema kutembea, ya ufagio nilitunga mwenyewe, lakini haikua uongo sana mana mwili haujui kama ni ufagio au mashine ya gym. Kwahiyo nyumbani waambie mapema, tena mtu mmoja mwenye sauti akae na wewe kliniki asikie mwenyewe kwamba kulala siku nzima ndo kunazidisha uchovu. Wape na kazi. Mmoja anatembea na wewe, mmoja anasoma vitu 10, mmoja anaandika kalenda. Afu wakatazwe kukumalizia sentensi. Neno likinikwama kila mtu alikua anakimbilia kulitaja, kwa mapenzi tu, ila ni kama kumbeba mtoto anayejifunza kutembea. Tumekubaliana wanasubiri, wakihesabu kimoyomoyo mpaka 10 ndo wanisaidie.

La mwisho ni safari, mana sisi wa huku matibabu yako mbali, wengine Ocean Road Dar, wengine Bugando Mwanza, wengine KCMC. Safari ndefu umekaa na saratani mwilini ni hatari ya damu kuganda miguuni, kwahiyo kwenye basi kila linaposimama shuka, hata dakika 2, na ukiwa kwenye kiti panda vidole shuka vidole, nyayo juu chini, mara 20 kila nusu saa. Soksi zisibane, maji unywe, najua unaogopa kukojoa njiani, kunywa tu. Kwenye treni ni raha zaidi, kuna korido, kila saa nenda mwisho wa behewa urudi, shika vyuma. Mi safari ya mwisho ya kliniki nilipanda treni na binti yangu, natembea kwenye korido navitaja vituo kinyume kwa sauti ndogo, Usoke, Urambo, Kaliua, nikakwama, kaka mmoja amekaa mlangoni na begi la nailoni akaniangalia akasema mama mi ndo nashuka Usinge.